Safari iwe ya ghafla, mlinzi asiwe wa kubahatisha



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala shinikizo la damu. Tunazungumzia siku moja ya mapumziko pwani, na jinsi sisi wenyewe, tuliosomea uuguzi na kuufanya kazi kwa karibu miaka thelathini, nusura tupoteze mtoto katika maji yasiyofika kiunoni mwa mtu mzima. Tunaeleza bila kuficha, kwa sababu tunaamini familia nyingi za parokia zetu hufanya kosa lile lile tulilolifanya sisi. Aidha, jioni ya siku ile nyumbani kwetu ilitolewa hukumu ambayo hatukubaliani nayo, na tungependa wasomaji waipime pamoja nasi.

Ilivyokuwa

Nyumba ya familia yetu iko Kariakoo, katika mmojawapo wa mitaa inayokatiza Mtaa wa Msimbazi. Wanaokaa huko wanajua hali ilivyo. Biashara zimetoka madukani hadi katikati ya barabara, mikokoteni inapigana vikumbo na pikipiki, na zile nyumba za zamani zenye ukumbi katikati na ua nyuma zimebomolewa moja baada ya nyingine ili kujenga maghorofa. Mtoto wa Kariakoo wa leo hana ua wa kuchezea. Anacheza kwenye ngazi, ukumbini, na kwenye simu ya mama yake.

Jumapili moja mwishoni mwa Septemba, tukiwa likizo, tulirudi kutoka misa ya kwanza tukakuta umeme umekatika. Joto lilikuwa limeanza kupanda, kama ilivyo kawaida ya majira yale ambapo upepo wa kusi unalegea na mvua za vuli bado hazijaanza. Watoto saba walikuwa wamejazana katika chumba kimoja wakigombana. Mmoja wao, wa miaka 7, akatuuliza, "Bibi, eti ni kweli maji ya bahari yana chumvi?"

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mtoto amezaliwa Kariakoo. Kutoka mlangoni kwao hadi Kivukoni ni kilomita chache tu, mwendo ambao wazee wetu waliutembea kwa miguu kila siku wakipita Mnazi Mmoja. Naye alikuwa hajawahi kuonja maji ya bahari. Mdogo wetu akasimama, akasema, "Basi twendeni leo." Hakuna aliyepinga.

Kwa muda wa nusu saa tulikuwa tumekwisha jiandaa. Tulichukua chapati za jana, ndizi mbivu, mihogo ya kuchemsha, dumu la lita 5 la maji ya kunywa na kanga tatu za kutandika. Tulikuwa watu wazima wanne, mama yetu mzee na watoto saba. Tulipanda mwendokasi pale Gerezani hadi Kivukoni, tukavuka kwa pantoni, na upande wa Kigamboni tukachukua bajaji tatu hadi pwani. Ilipofika saa nne na nusu asubuhi tulikuwa tumekaa kivulini chini ya mvinje.

Tuseme wazi kwamba saa zile za kwanza zilikuwa saa njema kuliko nyingi tulizowahi kupata kama familia. Shemeji yetu ana duka la nguo. Siku sita za juma hutoka watoto wakiwa wamelala na kurudi wamekwisha lala. Siku ile alipiga magoti mchangani akichimba shimo pamoja na mwanawe. Mama yetu mzee, ambaye daktari amemwambia mara nyingi atembee kwa ajili ya presha yake naye hupata visingizio kila siku, alitembea ukingoni mwa maji akishikwa mkono na wajukuu, akaenda mbali hata tukamtuma mtu amrudishe. Watoto waliokuwa wakigombana asubuhi walisahau ugomvi wao. Hakuna dawa katika kabati la wodi yetu inayofanya mambo hayo yote kwa wakati mmoja.

Kosa letu

Tulipofika, maji yalikuwa yamekupwa. Bahari ilikuwa mbali, na karibu nasi palikuwa na kidimbwi kilichobaki mchangani, maji yake yakifika kwenye vifundo vya miguu. Tuliwaambia watoto wacheze hapo hapo. Tuliona pako salama, na kwa saa ile kweli palikuwa salama.

Saa nane mchana tuliandaa chakula. Maji yalikuwa yakirudi, lakini yalikuja kimya, bila mawimbi makubwa, nasi hatukuyatilia maanani. Mama wa watoto alidhani baba anatazama. Baba alikuwa amekwenda kununua samaki wa kukaanga, akijua kwamba shangazi yupo. Shangazi alikuwa akiongea kwenye simu. Sisi tulikuwa tumeyapa maji mgongo, tukigawa chapati. Kidimbwi kile kilikuwa hatua kumi nyuma yetu.

Kijana mmoja aliyekuwa akipita na beseni lake la mihogo ndiye aliyesimama. Alituambia kwa adabu, "Shikamoo mama. Samahani, yule mtoto mbona hachezi?"

Tuligeuka. Mjukuu wetu wa miaka 4 alikuwa amesimama wima ndani ya maji, kichwa kimeinamia nyuma, macho wazi. Mdomo wake ulikuwa unazama na kuibuka, unazama na kuibuka. Hakupiga kelele, hakupunga mkono. Hatua mbili kutoka kwake ndugu zake walikuwa wakirushiana maji na kucheka. Shemeji, aliyekuwa anarudi na samaki, alitupa kila kitu akakimbia. Alipomfikisha mchangani mtoto alikuwa amelegea na hapumui.

Watu walikusanyika. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimshika miguu ili amning'inize kichwa chini maji yatoke. Tulimzuia. Tulimlaza mtoto chali juu ya kanga, tukainua kidevu, tukampulizia pumzi kwa mdomo wetu. Baada ya pumzi ya nne alikohoa, akatapika, akalia. Wasomaji, katika kazi yetu tumesikia vilio vingi vya watoto, lakini hatujawahi kushukuru kwa kilio kama tulivyoshukuru kwa kile. Alipelekwa hospitali, akapewa oksijeni na kulazwa usiku mmoja. Sasa ni mzima na anasoma chekechea. Kijana yule wa mihogo hatukupata hata nafasi ya kumshukuru ipasavyo. Tulipomtafuta alikuwa amekwisha endelea na biashara yake.

Methali yetu husema mfa maji haishi kutapatapa. Ni methali nzuri kwa mambo mengine, lakini kwa mtoto mdogo inayadanganya macho. Mtoto anayezama mara nyingi hatapitapi wala haiti. Ili mtu apige kelele ni lazima kwanza avute pumzi, na yeye pumzi hana. Mikono yake huyasukuma maji kwenda chini, haiwezi kupunga. Mambo hayo yote huweza kwisha kwa muda usiozidi dakika moja. Kwa hiyo mzazi anayekaa akingoja kusikia kelele anangoja kitu ambacho huenda kisije.

Hukumu ya jioni

Jioni ile mama yetu mzee alitoa amri: "Kuanzia leo, hakuna mtoto wa nyumba hii atakayekanyaga baharini." Wengi walikubaliana naye. Tunamheshimu, na tunaelewa uchungu uliomfanya aseme hivyo. Hata hivyo hukumu ile si sahihi, nasi tunatoa sababu tatu.

Kwanza, mtoto anayekatazwa bahari bila kufundishwa ataifuata mwenyewe. Kijana wa miaka 11 au 12 wa Kariakoo anaijua njia ya Kivukoni vizuri kuliko tunavyodhani. Atakwenda na wenzake, bila mtu mzima, bila kujua maji yanajaa saa ngapi, naye akipata shida wenzake wataogopa kusema.

Pili, maji ya kuua hayako baharini peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa lililoitoa Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021 pekee. Karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5, na idadi kubwa sana ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama zetu. Watoto wadogo namna hiyo hawaendi baharini wenyewe. Wengi huzama karibu na nyumbani, katika ndoo, mapipa, visima, na mashimo ya ujenzi yaliyojaa mvua. Sisi tunaoishi jirani na Jangwani na Bonde la Msimbazi tunajua jinsi mvua inavyoweza kuyaleta maji hadi mlangoni. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mtoto anayejifunza kutambaa anaweza kufa maji katika ndoo ya kufulia. Kuikimbia bahari, basi, si kuyakimbia maji.

Tatu, hukumu ile inainyima familia dawa. Mtoto wa umri wa kwenda shule anahitaji kucheza kwa nguvu walau dakika 60 kila siku. Ni watoto wangapi wa katikati ya jiji wanaozipata? Baba anahitaji siku ya kuonwa na watoto wake mchana. Mama anahitaji kukaa kivulini bila kuulizwa chakula kiko wapi. Mambo haya hayaandikwi kwenye cheti cha dawa, lakini sisi wauguzi tunawaona wodini wale walioyakosa kwa miaka mingi.

Je, kosa lilikuwa kwenda ghafla?

Wapo ndugu waliosema kwamba kosa letu lilikuwa kuondoka bila mpango. Wanasema safari ya bahari yapasa kupangwa mwezi mzima kabla. Hapa pia hatukubaliani.

Familia za Kariakoo zikingoja siku iliyopangwa, tunajua zitakwenda lini. Zitakwenda Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na Idi. Siku hizo pale Coco na fukwe nyingine watu hujaa kiasi kwamba mzazi hawezi kumtofautisha mwanawe na watoto wa wengine, kelele za muziki humeza kila sauti, na watoto kupotea ni jambo la kawaida. Siku ya kawaida isiyo na shamrashamra, iliyoamuliwa asubuhi kwa sababu umeme umekatika na watoto wamechoka, ni salama zaidi na ni ya bei nafuu zaidi. Hakuna nguo mpya za kununua wala wageni wa kulisha. Tunawahimiza wasomaji waende ghafla, waende na chapati za jana.

Kilichokosekana siku ile hakikuhitaji mwezi mzima wa kupanga. Kilihitaji dakika mbili tu chini ya mvinje, kabla mtoto yeyote hajavua viatu, za kuulizana swali moja: ni nani anayetazama?

Jambo tunalolijua wodini tukalisahau pwani

Katika hospitali yoyote wodi haiachwi bila muuguzi. Anayemaliza zamu haondoki mpaka anayeingia amefika. Hupita pamoja kitanda kwa kitanda, wakitaja jina la kila mgonjwa na hali yake. Hata kama wodini kuna wauguzi watano, kila mgonjwa ana muuguzi wake kwa saa ile. Tumefanya hivyo karibu miaka thelathini. Tulijifunza mapema kabisa kwamba mgonjwa anayeangaliwa na wote haangaliwi na mtu.

Siku ile pwani tulikuwa watu wazima wanne, kila mmoja akiwapenda watoto wale, na wote wanne tuliamini kwamba tunawatazama. Mtoto wa wote alikuwa hana mtu. Hilo ndilo kosa letu. Halikutokana na ukosefu wa upendo, wala elimu, wala fedha.

Kwa hiyo ushauri wetu mkubwa ni huu. Familia inapofika kwenye maji iweke zamu kama ya wodini. Mtu mzima mmoja, mwenye afya na anayeweza kuingia majini, achukue zamu kwa dakika 20 au 30. Ajifunge kitu kinachoonekana. Sisi nyumbani tunatumia kanga nyekundu. Aliyejifunga kanga ile hapiki, hali, hasinzii, na simu yake anampa mtu mwingine. Akitaka hata kwenda kujisaidia, kwanza humvika mwenzake kanga, na wote wawili huwahesabu watoto kwa sauti wakitaja majina yao. Watoto wakizidi wanne au watano, walinzi wawe wawili na wagawane majina. Mtoto mkubwa asipewe zamu. Msichana wa miaka 10 naye ni mtoto, na kumbebesha mzigo huo ni kumwonea.

Yanayofuata ni mafupi, lakini kila moja lina uzito wake.

Mtoto wa chini ya miaka 6 akiwa majini, mlinzi awe karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono. Hatua kumi, kama tulivyokuwa sisi, ni mbali mno.

Ujue maji yako wapi. Pwani yetu maji hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kukupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hapa Dar es Salaam maji hukupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti yake inaweza kuzidi mita 3. Nayo hayapandi kwa kasi moja. Saa ya tatu na ya nne baada ya kukupwa ndizo yanapopanda haraka kuliko zote. Tazama tena hesabu ya siku yetu. Tulifika saa nne na nusu maji yakiwa chini, tukala saa nane. Tuliwapa watoto kisogo katika saa ile ile ambayo maji yalikuwa yakikimbia. Mvuvi yeyote angetuambia, lau tungemwuliza.

Tyubu za magari zinazokodishwa pwani ni za kuchezea, si za kuokolea. Mtoto huteleza katikati yake, na upepo huweza kuisukuma mpaka asipofikiwa.

Anayekunywa pombe asiingie majini wala asipewe zamu.

Mwenye kifafa asiingie majini peke yake hata maji yakiwa ya magotini. Awe na mtu mzima pembeni yake anayejua la kufanya. Asitengwe na wenzake, bali alindwe. Vivyo hivyo wanaotumia dawa za presha na kisukari wazibebe, kwa sababu safari ya ghafla huchelewa kurudi.

Jua la Septemba na Oktoba ni kali kuliko upepo unavyotufanya tudhani. Watoto wanywe maji mara kwa mara. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia jua, naye apewe kivuli kizuri kuliko wote.

Mtu akizama

Usikimbilie kuruka majini kama hujui kuogelea, kwani familia nyingi zimezika wawili badala ya mmoja. Tafuta kitu cha kumrushia. Dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko linaelea na linaweza kumshikilia mtu. Likifungwa kwenye kanga mbili zilizounganishwa, utaweza kumvuta. Piga simu namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au mtume mtu apige wakati wewe unahudumia.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu. Tazama kama anapumua, usitumie zaidi ya sekunde 10. Kama hapumui, rudisha kichwa nyuma taratibu na inua kidevu. Bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, na mpulizie pumzi 5 ukiangalia kama kifua kinainuka. Kwa mtoto mchanga usirudishe kichwa nyuma, kiache kikae sawa, nawe funika mdomo na pua pamoja na upulize kidogo. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya kama mara mbili kila sekunde, kisha pumzi 2, kisha tena mara 30. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja. Kwa mchanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikikizunguka kifua. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache, na hakuna gari la hospitali litakalofika kwa muda huo. Aliye karibu ndiye hospitali yake.

Akianza kupumua, mlaze ubavu na umfunike apate joto.

Usimning'inize kichwa chini, usimbonyeze tumbo, usimzungushe. Mambo hayo hupoteza muda na kumfanya avute matapishi mapafuni. Kisha mpeleke hospitali hata kama anatembea na kuomba soda. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Ukiona kikohozi, pumzi za haraka au usingizi usio wa kawaida, usingoje asubuhi.

Wafundishwe

Mwezi Aprili 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kila mwaka ya kuzuia vifo vya maji. Miongoni mwa yanayohimizwa ni kuwafundisha watoto wa shule kuogelea na kuokoana kwa usalama. Wapo wazazi wanaosita kwa ajili ya binti zao, wakihofia heshima. Watazame Nungwi, kule Unguja, ambako mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima. Heshima yao imebaki, na uhai wao umepata ulinzi. Tungefurahi kuona shule zetu na vikundi vyetu vya watoto, hata vile vya katikati ya jiji, vikiliweka jambo hili katika ratiba. Mtoto anayejua kuelea chali na kutulia amepata urithi usioibiwa. Hata hivyo mtoto anayejua kuogelea naye anahitaji mlinzi.

Tumalizie kwa kurudi nyumbani. Mama yetu mzee hakuibadili amri yake kwa maneno. Lakini Jumapili moja ya Oktoba, tulipoanza kukunja kanga na kutia maji katika dumu, alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Pwani alituamuru tukae chini wote, akauliza nani ana zamu ya kwanza, akamfunga shemeji kanga nyekundu yeye mwenyewe. Kuingia majini hawezi, kwa hiyo alijipa kazi ya kuhesabu. Kila mara kanga ilipobadilisha mtu, tulimsikia chini ya mvinje: mmoja, wawili, watatu, mpaka saba. Yule mdogo alikaa mapajani mwake mpaka alasiri. Kisha akaomba kulowesha miguu. Alishikwa mikono miwili, akalowesha miguu, akarudi.

Wasomaji wapendwa, nendeni pwani. Msingoje sikukuu. Lakini kabla ya viatu kuvuliwa, ulizaneni: ni nani anayetazama? Jibu liwe jina la mtu mmoja.